Tuta, machela na king'ora

Mhudumu anayekaa nyuma ya gari la wagonjwa hulijua tuta kabla hajaliona. Injini inashusha sauti, mwili unavutwa kuelekea mbele, kisha sakafu inanyanyuka mara mbili: tairi za mbele, halafu za nyuma. Mgonjwa aliyevunjika paja naye hulia mara mbili, na kilio cha pili ndicho kikubwa, kwa sababu kwenye Land Cruiser za hardtop zinazotumika hospitali nyingi za wilaya Tanzania, machela imekaa juu ya ekseli ya nyuma. Anayekaa mbele na dereva hapati hata nusu ya mshtuko ule. Ndiyo maana mjadala wa matuta ukifanywa na watu wanaokaa viti vya mbele tu, kuna jambo linakosekana mezani.

Tuseme wazi mapema: sisi wahudumu wa magari ya wagonjwa hatupingi matuta. Tunaowabeba ndio hao hao watoto waliogongwa mbele ya shule kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumpunguza dereva mwendo. Jijini Dar es Salaam mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ambao huweka matuta, vivuko, njia za miguu na alama kuzunguka shule za msingi, ulipunguza majeruhi wa barabarani kwa karibu robo katika maeneo yaliyopimwa, na mwaka 2019 ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Kule Ghana, rasta, yaani vituta vidogo vya mfululizo, zilizowekwa makutano ya Suhum kwenye barabara ya Accra kwenda Kumasi zilipunguza ajali kwa karibu asilimia 35 na vifo kwa zaidi ya nusu. Anayesema matuta yote yang'olewe hajawahi kumfunika mtoto shuka. Swali letu ni jingine: tuta lipi, wapi, na la umbo gani.

Tuanze na muda, kwa sababu hapo ndipo watu hukadiria vibaya. Wengi hudhani tuta linakula muda ule wa kulivuka tu, sekunde moja au mbili. Muda mwingi unaliwa kabla na baada: kupunguza mwendo, kisha kuukusanya upya. Chukua gari la wagonjwa linalokwenda kilomita 60 kwa saa, linalofunga breki bila kumrusha mhudumu, na ambalo injini yake ya dizeli inaongeza mwendo wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Tuta likiliruhusu kupita kwa kilomita 30 kwa saa, hasara ni sekunde 3 na nusu hivi. Tuta likilazimisha kilomita 20, hasara inafika sekunde 6 na ushei. Tuta la ncha, lile la zege ambalo lazima ulipande kwa kilomita 10, linakula karibu sekunde 10. Kwa hiyo umbo la tuta peke yake linaweza kuzidisha hasara mara tatu, barabara ikiwa ile ile na dereva yule yule.

Mwendo wa barabara nao una sauti yake. Tuta la kilomita 20 kwa saa lililowekwa kwenye barabara kuu ambako gari linakwenda 80 linagharimu sekunde 10 badala ya 6. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na kuna matuta sehemu ambazo wanyama huvuka. Yana sababu yake, na twiga aliyegongwa na basi ni msiba wa abiria pia. Lakini anayepanga rufaa ya mgonjwa kupita pale aingize matuta hayo kwenye hesabu ya muda na ya oksijeni, si kilomita peke yake.

Gari la zimamoto ni habari nyingine kabisa. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 5,000 ni tani 5 kabla hujahesabu chuma, ngazi, mipira na watu. Gari la namna hiyo linaongeza mwendo polepole sana. Kwa tuta lile lile la kilomita 20 linapoteza sekunde 9 hadi 10. Mji wa Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, ulilipima jambo hili mwaka 1996 kwa magari yake halisi ya zimamoto: kila tuta lilichelewesha gari kwa muda kati ya karibu sekunde 0 na sekunde 9.4, na vipilefti vidogo vya mitaani vilifika hadi 10.7. Tofauti hiyo kubwa ilitokana na aina ya gari na mwendo ambao gari lilikuwa linautaka. Kinachofaa kuigwa ni hatua iliyofuata: mwaka 1998 mji ukagawa mitaa yake katika madaraja, ile mikuu ya kuitikia dharura na ile midogo, na daraja la mtaa likawa ndilo linaloamua kama kizuizi cha mwendo kinaruhusiwa kuwekwa.

Kuna kosa la hesabu ambalo hata sisi wenye kazi tumelifanya: kuhesabu safari ya kwenda tu. Gari la wagonjwa hulivuka tuta hilo hilo mara mbili, na mara ya pili mgonjwa yumo ndani, kwa hiyo dereva analipanda taratibu zaidi. Njia yenye matuta 10 inachukua kama dakika moja kwenda na dakika moja na nusu kurudi. Mtu ataona dakika 2 na nusu ni ndogo. Mama aliye karibu kujifungua anapitisha kwenye mji wa mimba damu isiyopungua mililita 500 kila dakika. Kondo ikiachia au mji wa mimba ukikataa kukaza baada ya kujifungua, fanya hesabu mwenyewe. Wataalamu wa uzazi wamekuwa wakizungumzia ucheleweshaji wa aina tatu tangu makala ya Thaddeus na Maine ya mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, unaoitwa kwa namba 115 umejengwa kuukabili huo wa pili. Tuta baya linauongeza kimya kimya, na halionekani kwenye ripoti yoyote.

Halafu kuna foleni. Hesabu zote za hapo juu zinadhani barabara ni tupu. Kwa kweli tuta hukusanya watu: daladala hushusha pale, wauza maji na karanga husimama pale kwa sababu magari yanapunguza mwendo, na malori hupanda moja moja. Magari 8 yakiwa mbele yako na kila moja likitumia sekunde 3 kuvuka, king'ora hakikusaidii, kwa sababu hata anayetaka kukupisha hana pa kwenda. Mbele yake kuna tuta na kando yake kuna mtaro. Dereva wa dharura hushawishika kupita upande wa pili wa barabara hapo hapo kwenye tuta. Usifanye hivyo. Ndipo watembea kwa miguu wanapovukia, na bodaboda inayotoka mbele inakwepa tuta kwa pembeni, mahali ambapo hukuitegemea.

Sasa ndani ya gari. Mhudumu anayekandamiza kifua cha mgonjwa akiwa amesimama hana mkanda. Tuta likija bila taarifa, mikono inaruka kutoka kifuani na kichwa kinagonga dari. Kanula iliyowekwa vizuri inachomoka kwa sababu mpira wa dripu umenaswa kwenye ukingo wa machela. Mrija wa hewa wa mtoto mchanga ukisogea sentimita 1 tu unaweza kuwa umetoka mahali pake au umeingia pafu moja. Mashine ya shinikizo la damu inakataa kusoma au inatoa namba ya uongo, na mstari wa moyo kwenye kioo unaonyesha mtikisiko wa barabara, si wa moyo. Kwa hiyo kwenye njia yenye rasta mfululizo usimtibu mgonjwa kwa kufuata mashine. Shika mshipa wa shingo kwa vidole, angalia kifua kinavyopanda, subiri lami iwe laini ndipo upime.

Mtungi wa oksijeni usiofungwa ni kombora. Ufungwe kwa mikanda miwili, juu na chini, si kamba ya katani. Mgonjwa naye afungwe mikanda mitatu: kifuani chini ya makwapa, kwenye nyonga, na juu ya magoti. Ukiacha ya nyonga, mwili unaruka katikati, na mwenye nyonga iliyovunjika ndiye anayeumia zaidi. Chini ya magoti weka shuka iliyokunjwa. Chini ya mguu uliofungwa banzi jaza nafasi zote kwa nguo, kwa sababu mahali penye uwazi ndipo mfupa utakapocheza.

Kwa dereva, jambo kubwa ni kumaliza breki kabla ya tuta. Ukifunga breki, pua ya gari inainama na springi za mbele zinabanwa. Ukilipanda tuta zikiwa zimebanwa hazina nafasi ya kunywa mshtuko, zinagonga mwisho. Punguza mwendo mapema, achia breki kama mita 3 kabla ili pua inyanyuke, panda kwa gia ya pili bila mafuta mengi, na usikanyage mafuta mpaka tairi za nyuma zishuke. Madereva wengi hukosea hapo mwisho: wanasikia tairi za mbele zimeshuka, wanaongeza mafuta, na mgonjwa ndiye analipanda tuta kwa mwendo mpya. Panda ukiwa umenyooka. Kwenda mshazari kunasaidia gari lenye tumbo la chini, lakini kunamzungusha mgonjwa kushoto na kulia, na kwa aliyeumia mgongo au shingo hilo ni baya kuliko kupanda na kushuka. Na sema "Tuta!" kwa sauti kila mara, hata kama mnajuana miaka 10. Neno moja linampa mwenzako nyuma sekunde 2 za kushika reli, kuondoa sindano, kushikilia mrija.

Gari lenyewe linachangia. Springi za nyuma za Land Cruiser hizi zimetengenezwa kubeba mzigo. Zikiwa na mgonjwa mmoja na mhudumu mmoja ni ngumu kama ubao. Shokapu zilizokufa zinafanya gari liendelee kudunda baada ya tuta. Jaribio la haraka ni kubonyeza kona ya nyuma kwa uzito wa mwili na kuachia: ikidunda zaidi ya mara moja, shokapu imekwisha. Tairi zilizojazwa upepo wa mzigo mzito wakati gari ni tupu zinaongeza mshtuko bila faida. Fuata kipimo kilichobandikwa kwenye mlango, si mazoea ya gereji.

Turudi kwenye umbo, maana hapo ndipo mhandisi na mhudumu wanapaswa kuzungumza lugha moja. Tuta la mviringo linalotumika kama kielelezo duniani lilitoka kwenye maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza miaka ya 1970: urefu mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari, kimo milimita 100. Urefu ule si wa bahati. Tuta fupi la sentimita 30 au 50 lina tabia mbaya: anayepita kwa kasi kubwa na gari dogo hulisikia kama pigo moja fupi na kuendelea, huku gari la mgonjwa linalopita taratibu likisikia kila kitu. Linamwadhibu mtiifu. Tuta refu hufanya kinyume: kadiri unavyokwenda kasi ndivyo linavyokutupa, na ukipita kwa mwendo uliokusudiwa hunyanyuki kwa ghafla.

Zuri zaidi kwa njia za hospitali ni tuta lenye mgongo bapa. Mfano unaojulikana, ulioanzia Seminole kule Florida, una urefu wa mita 6.7 hivi: mteremko wa mita 1.8 kila upande, ubapa wa mita 3 katikati, kimo milimita 75 tu. Kwa mabasi na zimamoto ubapa wa mita 6 ni bora zaidi, kwa sababu ekseli zote mbili hukaa juu kabla ya mbele kushuka, na gari linapanda mara moja na kushuka mara moja. Juu yake unaweza kupaka kivuko cha watembea kwa miguu, ukapata mambo mawili kwa zege moja.

Yale tunayoyakuta mitaani mara nyingi si haya. Mtoto amegongwa, wananchi wamekasirika kwa haki, jioni ile ile kifusi kimemwagwa na kushindiliwa kwa miguu, au zege limepigwa bila rangi wala alama. Kimo milimita 150 au 200, upana wa hatua moja. Mvua ya kwanza inasimama upande wa juu kwa sababu tuta limeziba kutoka mtaro hadi mtaro. Lami inalowa, inameguka, na baada ya miezi michache una shimo mbele ya tuta na shimo nyuma yake. Kuacha nafasi ya milimita 200 hadi 300 kila pembeni ili maji yapite kungezuia sehemu kubwa ya hayo.

Sasa jambo ambalo tungependa kila anayenunua magari na kila anayejenga barabara alisikie. Ulaya wana tuta lililokatwa vipande: badala ya kuziba njia yote, linawekwa pande la upana wa mita 1.6 hadi 1.9 katikati ya kila njia, kimo kisichozidi milimita 80, na nafasi kati ya kipande na kipande. Wazo ni kwamba gari pana la zimamoto au basi linapita likiwa limekitia kipande katikati ya magurudumu, na gari dogo linalazimika kulipanda. Wazo ni zuri, na limeanza kupendekezwa huku kwetu kama dawa ya magari ya dharura. Lakini pima tairi kwanza. Umbali kati ya tairi za nyuma za hardtop, kati kwa kati, ni mita 1.4 na kidogo tu. Hiyo ni sawa na gari dogo la nyumbani. Kipande hakiwezi kutofautisha mwenye king'ora na anayekwenda sokoni.

Hesabu yake ni hii. Kipande cha mita 1.6 chenye mbavu zinazopanda kwa uwiano wa 1 kwa 4 kina ubapa wa chini ya mita 1 juu. Gari la wagonjwa likipita katikati kabisa, ukingo wa ndani wa tairi ya nyuma unapanda kama milimita 50 kati ya 80. Nafuu ipo, lakini ni ya nusu, na inapatikana tu kama hakuna lori linalokuja likakusogeza pembeni. Fanya kipande kiwe mita 1.9 na tairi zote zinapanda kimo chote. Nafuu imekwisha, na umekigharamia. Gari la zimamoto nalo lina tairi pacha nyuma, na zile za ndani hukanyaga ubavu wa kipande kwa milimita 35 hadi 40. Bodaboda hupita kwenye nafasi bila kupunguza hata kidogo. Bajaji, ambayo ni nyembamba kuliko kipande, inapandisha magurudumu yote matatu. Kwa hiyo kwa barabara zetu, ukitaka vipande, visizidi mita 1.6, kimo kiwe milimita 65, na usivitegemee kuzuia pikipiki mbele ya shule.

Maana yake ni kwamba huku kwetu hatuwezi kulitenga gari la dharura kwa upana wa tairi. Tunaweza kulitenga kwa njia. Kila mji una barabara tatu au nne ambazo kweli hubeba wagonjwa: ya kuingia hospitali ya wilaya, ya kutoka kituo cha zimamoto, ya kuunganisha na barabara kuu. Hizo zipewe matuta ya mgongo bapa tu, kwenye vivuko na shule, na sehemu nyingine mwendo upunguzwe kwa kubana njia, kuweka kisiwa cha katikati, au kipilefti chenye ukingo wa chini ambao lori linaweza kuukanyaga. Mitaa ya ndani, ambako watoto wanacheza na gari la wagonjwa linaingia mita 200 za mwisho tu, iachiwe matuta ya kawaida. Tuta moja la mwisho mbele ya nyumba ya mgonjwa si tatizo. Matuta kumi na mawili kati ya nyumba hiyo na chumba cha upasuaji ni tatizo.

Anayetaka kulipeleka hili TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS, wakala wa barabara kuu, asiende na malalamiko, aende na jedwali. Tembea njia nzima siku ya kazi ya kawaida ukiwa na simu yenye ramani, kamba ya mita 4, fimbo mbili zilizonyooka, pima maji na futi. Kwenye kila tuta, vuta kamba ikiwa sawa kuanzia kilele, pima kushuka hadi lami pande zote mbili, kisha pima urefu kutoka linapoanzia hadi linapoishia. Andika kimo, urefu, rangi ipo au haipo, alama ipo au haipo, maji yanasimama au hapana, na sababu yake: shule, kivuko, soko, au hakuna anayejua. Kimo kikizidi milimita 100 au urefu ukiwa chini ya mita 2, weka alama nyekundu. Pembeni andika sekunde kwa hesabu tuliyoitoa hapo juu. Omba matatu au manne yabadilishwe kwanza, yale yaliyo karibu na lango la hospitali, na kila ambalo lina shule kando yake omba libadilishwe umbo, usiombe liondolewe.

Mafundi wakimaliza, msilipokee kwa macho. Funga kilo 70 za mchanga kwenye machela kwa mikanda mitatu, weka chupa ya maji iliyojaa nusu kifuani pa mfuko huo, na mhudumu akae nyuma akiitazama. Pita kwa kilomita 20, kisha 30. Chupa ikianguka kwenye 30, mteremko ni mkali, na urekebishwe kabla hamjalipokea. Kisha liitwe gari la zimamoto, tangi likiwa limejaa, lipite mara mbili, kwa sababu tangi lililojaa nusu maji yake yanapiga mawimbi na yatakupa jibu la uongo.